Uzoefu wangu: kitochi, WhatsApp Business na simu za wateja wa kuku

Nafuga kuku wa nyama nyumbani kwangu Kibamba, Dar es Salaam, na simu ndiyo duka langu. Sina fremu Barabara ya Morogoro wala bango. Mteja mpya hunijua kwa sauti kabla hajaniona sura, na wengine tunafanya biashara mwaka mzima bila kuonana kwa sababu anayekuja kuchukua mzigo ni bodaboda. Hapa naeleza vitu vya simu ninavyotumia, kipi kinanifaa na kipi hakifiki ninapotaka kifike, nikilenga zaidi anayefanya biashara ya nyumbani peke yake au na mtu mmoja wa kumsaidia.

Kwanza uelewe simu za biashara hii zinavyokuja, maana bila hilo utanunua usichokihitaji. Broila, yaani kuku wa nyama, akifika wiki ya tano anakuwa na kilo moja na nusu hadi mbili. Kuanzia hapo kila siku anayobaki bandani anakula faida, kwani chakula anachomaliza ni kingi na uzito anaoongeza mteja hauhitaji. Mwenye chipsi, kwa mfano, anataka kuku wa ukubwa mmoja, kwa kuwa anauza robo na nusu na bei yake haibadiliki. Kwa hiyo wiki tatu nne simu inalia mara mojamoja, halafu kuku wakiwa tayari inalia tangu alfajiri. Simu usiyoipokea wiki hiyo ni kuku anayeendelea kula. Yule muuza chipsi hatakungoja, atapiga kwa mfugaji mwingine wa Kiluvya au atakwenda soko la kuku la Shekilango.

Kitu cha kwanza ninachokisifu ni kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Laini ya biashara niliitoa kwenye simu janja nikaiweka kwenye kitochi cha laini mbili, na sitairudisha. Chaji inakaa siku kadhaa, hata umeme ukikatika wiki ya mauzo sina wasiwasi. Tochi yake ndiyo naingia nayo kuangalia vifaranga usiku. Vitufe vinabonyezeka hata mikono ikiwa na maji ya kunyonyolea, wakati kioo cha simu janja kikishalowa hakisikii kidole. Kubwa zaidi, kitochi kikilia najua ni mteja. Hakilii kwa kikundi cha harusi, wala cha kikoba, wala cha wazazi wa darasa la mwanangu. Nikiona namba ngeni napokea kwa sauti ya kazi, na mtu wa upande wa pili anasikia amefika mahali panapofanya biashara.

Kasoro yake ni moja na inaeleweka: majina. Kuandika majina kwa vitufe kunachosha, lakini usikwepe. Mimi naanza na kazi ya mtu, halafu eneo, halafu jina: "Chipsi Mbezi Mwisho Juma", "Lishe Luguruni Mama Neema". Simu ikilia saa kumi na moja alfajiri namwona ni mwenye chipsi, najua anataka wa kilo moja na nusu walionyonyolewa, na najua boda wake anatoka wapi. Tunamalizana upesi.

Sasa tatizo la banda. Siingii na simu ndani. Kabla ya kuingia nabadili viatu na kukanyaga dawa ya miguu mlangoni, na simu iliyoshikwa sokoni na kwenye daladala ni uchafu kama uchafu mwingine. Siku za chanjo ndiyo kabisa. Chanjo ya Gumboro au ya kideri, magonjwa yanayoua kuku, naiweka kwenye maji, kuku wanakuwa wamenyimwa maji kwanza ili wawe na kiu, na dawa iliyokwisha changanywa haikai. Inatakiwa wainywe iishe ndani ya saa mbili hivi. Huwezi kuacha hapo ukatoka nje kujibu bei.

Dawa yake ni kuhamisha simu, huduma ambayo ipo kwenye laini zetu siku zote na wafanyabiashara wengi hawaigusi. Unabonyeza **61* kisha namba ya mtu wako kisha #, halafu unapiga. Tangu hapo simu ikilia bila kupokelewa, inahamia kwake yenyewe. Ukitaka kupanga ilie kwa muda gani kabla ya kuhama, unaongeza *11* na sekunde, kutoka 5 hadi 30 kwa kupanda tano tano, yaani **61*namba*11*20# kwa sekunde 20. Ukiwa unaongea na mwingine, ya kuhamisha ni **67*. Simu ikiwa imezimika au haipo hewani ni **62*. Siku ya chanjo natumia **21*, ambayo inahamisha simu zote bila hata kulia kwangu, na jioni naifuta kwa ##21#. Kuzifuta zote kwa pamoja ni ##002#.

Zangu zinahamia kwa mdogo wangu, ambaye anakaa dukani kwake siku nzima na simu yake iko mezani. Tulikubaliana aseme nini: kuku wapo au wanatoka tarehe fulani, bei ya hai, bei ya aliyenyonyolewa, basi. Punguzo ni langu mimi. Mteja wa oda kubwa anaandikiwa, mimi nampigia nikitoka bandani.

Jua mambo mawili kuhusu huduma hii. Kile kipande cha simu kutoka kwako kwenda kwa mtu wako unakilipia wewe, kama vile umempigia. Ndiyo maana laini ya kitochi naiwekea salio la kawaida, si kifurushi peke yake, na mdogo wangu ana laini ya mtandao uleule. Jambo la pili ni la usalama na naomba lisikupite. Mtu akikupigia, akajitambulisha ni wa huduma kwa wateja, akakwambia ubonyeze **21* na namba fulani ili "kurekebisha laini", kata simu. Ukibonyeza, simu zako zote zinakwenda kwake, ikiwemo ile simu ya WhatsApp inayosoma tarakimu sita za kufungulia akaunti. Akishazipata, anazungumza na wateja wako kwa jina lako na anapokea malipo ya awali ya kuku ambao hana. Ukitaka kujua kama simu zako zote zinahamishwa, bonyeza *#21#. Na kwenye WhatsApp washa uthibitishaji wa hatua mbili, ule wa kuweka namba yako ya siri.

Nikifika kwenye WhatsApp Business, programu hii ni ya bure na imekuwepo tangu 2018. Wengi wanadhani lazima laini iwe ndani ya simu janja. Si lazima. Laini iko kwenye kitochi, programu iko kwenye simu janja. Siku ya kufungua akaunti namba za kuthibitisha zinaingia kitochini, unaziandika kwenye programu, imekwisha. WhatsApp yangu binafsi inaendelea palepale kwa namba yangu nyingine.

Kinachonifaa kuliko vyote ni ule ujumbe wa salamu. Unakwenda wenyewe kwa mtu anayekuandikia mara ya kwanza, na kwa yule ambaye mmekaa siku 14 bila kuandikiana. Kwa mzunguko wa kuku hiyo ni sawasawa kabisa, kwa sababu mteja wangu wa sherehe hurudi baada ya mwezi au zaidi, na kila akirudi anakutana na salamu niliyoibadilisha kwa kundi hilo: kuku wanatoka tarehe gani, bei gani, tunachinja siku zipi. Akimaliza kuisoma maswali yake yamebaki mawili. Majibu ya haraka nayo ni msaada mkubwa. Naandika /ramani inatoka njia nzima kutoka stendi ya Kibamba hadi getini, na /malipo inatoka namba ya kulipia na jina litakalotokea. Lebo nimezibadilisha ziwe za Kiswahili: Ameweka oda, Amelipa nusu, Amechukua. Wiki ya mauzo, jioni, nafungua Amelipa nusu na najua kesho nani wa kumpigia.

Matangazo ya pamoja yana sharti ambalo linawakata wengi: ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mwisho wa kila simu ya mteja mpya namwambia, "Mwanangu, niseve, andika Mama Kuku Kibamba." Hapo hapo, kabla hajakata.

Kwenye saa za kazi uwe mwangalifu. Programu inaandika 6:00 na 20:00, na wateja wetu wanasoma saa sita mchana. Mimi nimeziandika upya kwa maneno kwenye maelezo ya biashara: tunafungua saa kumi na mbili asubuhi, tunafunga saa mbili usiku. Hata oda naithibitisha hivyohivyo, saa kwa maneno na asubuhi au jioni yake.

Kama kuna anayefikiri programu hii itamwondolea kupokea simu, ajue haitamwondolea. Ujumbe wa kutokuwepo hauongei na aliyepiga kwa laini ya kawaida, na wauza chipsi wangu wengi bando likiisha hawaonekani mtandaoni hadi kesho. Hao ndio wanunuzi wa kila siku. Wanapiga, na wengine wanabipu. Anayebipu nampigia, kwa kuwa nimeona anayebipu alfajiri mara nyingi ana fedha mkononi na hana salio.

Simu yenyewe nayo ina utaratibu wake, na hapa ndipo biashara inapokamatwa au kupotea. Mazungumzo ya kawaida yanakwenda hivi:

"Mama shikamoo, kuku wapo?"

"Marahaba mwanangu, wapo. Unataka wangapi?"

"Ishirini. Kilo moja na nusu, wasizidi."

"Hai au walionyonyolewa?"

"Walionyonyolewa, mama. Kesho asubuhi mapema."

"Nakurudia: kesho Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, kuku ishirini, kilo moja na nusu, wamenyonyolewa. Unakuja mwenyewe au unatuma boda?"

"Boda."

"Basi nitumie namba yake sasa hivi, na akifika getini anipigie kwenye hii."

Wakati naongea kaunta buku iko wazi mbele yangu: jina, eneo, idadi, kilo, hai au amenyonyolewa, saa, nani anachukua. Kalamu imefungwa kwa uzi kwenye daftari, kwa sababu kalamu ya nyumba yenye watoto haikai. Ile kumrudia mteja oda yake kwa sauti ni muhimu mno. Mtu akisikia "ishirini" kutoka mdomoni kwako, akiwa alimaanisha thelathini atakwambia palepale, kuku wakiwa bado hai.

Malipo sipokei kwa namba binafsi tena, natumia Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Mlipaji anaona jina kabla hajaweka namba ya siri, na mapato ya kuku hayachanganyiki na michango ya familia. Ujumbe wa malipo usiusome juujuu. Boda akiwa getini na mteja anakwambia "nimeshatuma, angalia meseji", angalia salio. Ujumbe wa uongo unaandikwa kama ule wa kweli neno kwa neno, lakini umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, na salio lako halijasogea. Namba za namna hiyo zipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Inachukua muda mfupi, na inamsaidia mfugaji mwenzako atakayepigiwa kesho.

Mwisho ni namba yenyewe. Kabla hujaipaka kwenye ukuta au kuisambaza kwa wateja, hakikisha imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, si cha shemeji wala cha kijana aliyekusajilia barabarani. Bonyeza *106# uone laini zilizo chini ya namba yako ya NIDA. Na mtandao ukianza kusumbua eneo lenu, usibadilishe namba. Nilipokuwa sisikiki bandani na wateja wanalalamika sauti inakatika, nilihama mtandao kwa namba ileile, jambo ambalo Tanzania linaruhusiwa tangu Machi 2017. Wateja hawakujua kama kuna kilichobadilika, ila tu walianza kunisikia. Ukihama, toa kwanza fedha zote zilizo kwenye akaunti ya simu, kwa sababu namba inahama na fedha hazihami, na weka tena maagizo ya kuhamisha simu kwenye laini mpya siku hiyohiyo. Fanya hivyo kuku wakiwa wadogo, wiki ya pili au ya tatu, si wiki ya mauzo.