Kufuli la wazazi kwenye huduma ya filamu: miezi sita, nyota tatu

Nimeitumia huduma hii ya filamu kwa miezi sita, na ninachotaka kukipima ni kimoja tu: kufuli la wazazi. Picha ni safi, haikwami, maandishi ya tafsiri yanasomeka. Hayo yanatosha. Nilijiunga kwa sababu nina binti wa miaka 13 na mdogo wake wa kiume wa miaka 9, na kwa sababu mimi ni muuguzi katika kliniki ya vijana. Maswali mengi ninayoulizwa na wasichana wa miaka 15 wameyaokota kwenye skrini, na mara nyingi wanakuja na majibu waliyoyaokota hukohuko.

Kufuli linafanya kazi hivi. Unamfungulia kila mtoto ukurasa wake, unachagua umri, unaweka namba ya siri ya tarakimu nne. Filamu iliyopangiwa umri mkubwa zaidi haitokei kwenye ukurasa wa mtoto hata akiitafuta kwa jina. Hapo sina lawama. Mwanangu alijaribu mara tatu mbele ya macho yangu akashindwa.

Kasoro ipo kwenye kile wanachokiita "kinafaa kwa miaka 13". Jioni moja binti yangu alikuwa anatazama tamthilia ya shule, nami nikakaa naye nikikunja nguo. Hakuna aliyevua hata koti. Lakini vipindi vinne mfululizo mvulana anamfuatafuata msichana aliyekwisha kumkataa, anamvizia mlangoni, anampokonya simu, na mwishowe msichana anacheka na kumkumbatia, kana kwamba kule kukataa kulikuwa kujishebedua. Kufuli halikuona kitu. Wiki hiyohiyo liliizuia filamu ya mafunzo kuhusu kubalehe, ambayo kitu pekee cha kuficha ndani yake ni mchoro wa mwili wa mwanadamu. Hiyo filamu mimi ningemwekea kwa mikono yangu. Kwa kweli nilikasirika, maana kufuli linalohesabu ngozi halimlindi mtoto dhidi ya maneno.

Na maneno yana uzito. Mwaka 2004 watafiti wa shirika la RAND la Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia vijana 1,792 wa miaka 12 hadi 17. Waliotazama zaidi vipindi vyenye mambo ya ngono walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuanza ngono ndani ya mwaka uliofuata, wakilinganishwa na waliotazama kidogo kabisa. Kilichonishtua zaidi ni kwamba vipindi vya mazungumzo matupu kuhusu ngono vilihusishwa na hatari ileile ya vipindi vilivyoonyesha tendo.

Dada yangu hupenda kunitajia matokeo hayo kila tunapobishana, naye anataka televisheni izimwe kabisa. Simfuati hadi huko. Mwaka 2011 watafiti wengine walizichambua upya takwimu za utafiti wa namna hiyo uliofanywa na wenzao, wakawalinganisha vijana waliofanana kwa malezi na tabia tangu mwanzo, na uhusiano ule ukatoweka. Huenda kijana aliyekwisha kuanza kuwaza mapenzi ndiye anayezitafuta filamu za mapenzi. Tena, Marekani ilikohesabiwa haya, watoto waliozaliwa na wasichana wa miaka 15 hadi 19 walipungua kutoka 61.8 kwa kila wasichana 1,000 mwaka 1991 hadi 15.4 mwaka 2020, miaka ileile intaneti ilipoingiza kila kitu mfukoni. Hilo halisemi kwamba skrini haifundishi. Linasema kijana ana walimu wengine pia.

Kwa hiyo jioni ile sikuzima. Nilimuuliza binti yangu, "Amemwambia hapana mara ngapi?"

"Lakini mama, si anampenda?"

"Hesabu kwanza."

Alirudisha nyuma, akahesabu kwa vidole. Tano. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna mvulana darasani kwao anamfanyia hivyohivyo rafiki yake, na wote huwa wanacheka. Tuliongea hadi usiku. Kuna utafiti wa mwaka 2003 kuhusu kipindi cha vichekesho ambamo kondomu ilishindwa kuzuia mimba: vijana waliokizungumzia na mtu mzima walikuwa na uwezekano wa zaidi ya mara mbili wa kukumbuka habari za uwezo wa kondomu kuliko wengine. Kliniki naliona hilo kila wiki. Msichana aliyewahi kuzungumza na shangazi au mama hanijii na hofu ileile.

Kinachonifanya nisiiache huduma hii ni maelezo yaliyo chini ya kila filamu. Hawaandiki umri peke yake, wanaandika na sababu: uchi, lugha chafu, ukatili, maongezi ya ngono. Marekani walianza kupanga filamu kwa umri mwaka 1968, televisheni ikafuata mwaka 1997, na muda mfupi baadaye wakaongeza herufi za sababu, mojawapo ikiwa ya mazungumzo yenye kuashiria ngono. Sababu humsaidia mzazi kuliko namba. Ningeomba waongeze moja tu, ya kulazimishana na kusumbuana, kwa kuwa kwenye tamthilia za vijana hiyo imejaa.

Kinachonikera ni vionjo. Kwenye ukurasa wangu, rimoti ikitulia juu ya filamu yoyote, kionjo huanza chenyewe kwa sauti, na mara mbili mwanangu wa miaka 9 alikuwa sebuleni. Kuvizima kunawezekana, ila mpangilio wa kuvizima umefichwa kwenye tovuti yao, kwenye televisheni haupo. Niliwaandikia huduma kwa wateja. Walijibu baada ya siku mbili, kwa adabu, wakanielekeza hatua kwa hatua. Kuhusu ile tamthilia ya shule hawakusema neno.

Nyota tatu kati ya tano. Kwa mtoto wa chini ya miaka kumi, kufuli hili linatosha, mradi namba ya siri uiweke pia kwenye ukurasa wako kabla hujamwachia mtu rimoti. Kwa mwenye miaka 13, tafuta nguo za kukunja ukae naye.