Vifaa vya kuzamia vya kukodi Nungwi: boti safi, beseni chafu

Nianze na mazuri, kwa sababu yapo. Kituo nilichokodi vifaa kule Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kina boti yenye kivuli cha kutosha, nahodha asiye na papara, na mwongozaji anayehesabu watu kabla hawajazama na baada ya kuibuka. Mitungi ya hewa ni ile ya alumini ya lita 12, na kila asubuhi geji yangu ilisoma karibu baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa), yaani mtungi umejaa. Mhuri wa upimaji kwenye bega la mtungi ulikuwa haujapitisha miaka 5, kitu ambacho mimi hukitazama kabla hata ya kuuliza bei. Kisiwa cha Mnemba tulikozamia nacho hakikuniangusha: kasa, samaki wa kila rangi, maji unayoona mbali. Hayo wameshayaandika wengi. Mimi nataka kuzungumzia ile saa ya mwisho, mnaposhuka botini mmechoka, njaa inauma, na kila mtu anataka kukabidhi vifaa aende zake.

Utaratibu wao ni kwamba kila mteja ana kreti lake lenye namba. Ukirudi unasuuza mwenyewe, unaanika, msimamizi anakagua, ndipo unarudishiwa amana. Vituo vingine wafanyakazi ndio huosha, mteja hagusi kitu. Mimi naupenda zaidi utaratibu huu wa kuosha mwenyewe, maana kifaa nilichokiosha jana najua leo kikoje. Ugomvi wangu ni beseni.

Beseni ni moja tu, tangi la plastiki lililokatwa nusu, na ndilo la kila kitu. Miwani, snokeli (mrija wa kupumulia) na regileta, kile kifaa kinachokuletea hewa ya mtungini mdomoni, vinatumbukizwa humo humo pamoja na viatu vya mpira vyenye mchanga na suti ambazo sote tunajua watu huzikojolea chini ya maji. Kundi la kwanza likimaliza, maji tayari yamekuwa kama ya kuoshea masufuria. Sisi tulikuwa kundi la tatu. Baada ya 2020, kwa jinsi korona ilivyotufundisha kuogopa mate ya mwenzio, sikutegemea kukuta kitu unachokitia mdomoni kinaoshwa kwenye maji ya miguu. Beseni la pili, dogo tu, la miwani na regileta peke yake, lingemaliza kesi yote.

Asubuhi moja nikawahi, beseni limejazwa upya, halijaguswa na mtu. Nikachovya kidole nikaonja. Chumvi! Si kali kama ya baharini, lakini ipo. Kwa haki niseme kwamba hili si uzembe mtupu. Visima vingi vya karibu na ufukwe kule vina maji ya chumvichumvi, na maji matamu yakitakiwa mengi huja na boza na hulipiwa, tena hoteli nazo zinayagombea. Naelewa kwa nini hawayamwagi ovyo. Lakini biashara yao ndiyo hii, na chumvi ikikaukia kwenye vifaa inageuka chembe ngumu zinazojificha ndani ya vitufe, kwenye zipu na kwenye vile vimpira vya duara vinavyozuia hewa isivuje. Kila ukibonyeza, zinasaga. Regileta moja ni ghali kuliko boza la maji, hilo hesabu yake haihitaji shule.

Sasa regileta. Kijana aliyekuwa anapokea vifaa alichukua ya mzungu mmoja aliyekuwa mbele yangu akaitumbukiza nzima nzima, kile kifuniko cha sehemu inayofungwa kwenye mtungi kikiwa kinaning'inia. Nikamwambia, "Mdogo wangu, maji yataingia." Akacheka: "Dada, kesho si inarudi baharini hiyo hiyo?" Baharini inarudi ikiwa imefungwa mtungini na hewa inasukuma kwa ndani, ndiyo maana maji hayapiti. Ikiwa haina mtungi, kilichobaki kuyazuia ni hicho kifuniko tu.

Fundi wao wa makamo, Mpemba kwa lafudhi, alisikia akaja. Huyu ndiye sababu ya nyota nilizowapa. Alichukua regileta yangu, akakifuta kifuniko kwa kitambaa kikavu, na tundu lake la ndani akalifuta pia, kisha akakikaza kwa kidole gumba. Wengi, na mimi nimewaona hata waalimu, hukikausha kifuniko kwa kukipulizia hewa ya mtungini. Kelele inapasua masikio na matone mengine huishia kurukia kule kule ulikokuwa unakuzuia. Akaizamisha pole pole, akaacha maji yaingie kwenye kipande cha mdomoni na kutokea upande wa pili, huku kidole chake kikiwa mbali kabisa na kitufe cha kupuliza. Ukikibonyeza kitufe kile ndani ya maji na regileta haina hewa, unafungua valvu, na maji yanapanda na mpira mpaka kwenye kichwa cha regileta, ile sehemu inayofungwa mtungini, mahali ambapo hayatoki bila fundi na bisibisi. Maelezo yote hayo aliyatoa kwa sentensi moja: "Hapa mkono wako usiende, bibie, mpaka iwe na pumzi."

Halafu akanionyesha jaketi la kuelea, na hapa ndipo nilipoona vifaa vile vimekuwa vikioshwa nje tu. Aliingiza maji kwa kutumia ule mpira wa kujazia, akapuliza jaketi likavimba, akalitikisa huku na huku, akaligeuza juu chini, mpira ukaelekea chini, akabonyeza kitufe cha kutolea. Maji yaliyotoka yalikuwa na vichembe vyeupe na vipande vidogo vya utando. Ile ni chumvi iliyokaukia ndani, na sidhani kama ilikuwa ya wiki hiyo. Akarudia mpaka yakatoka safi, akalipuliza hewa kidogo kabla ya kulitundika ili kuta za ndani zisigandane. Nilimuuliza kama hufanya hivi kwa majaketi yote. Akanitazama, akatazama rundo la makreti, akatabasamu.

Suti za mpira sitazisemea sana. Zinaanikwa kwenye waya wembamba juani, jua la Unguja la saa nane, na mabegani zina mikunjo ambayo haiondoki tena. Mpira wa suti unataka kivuli na henga nene, ugeuzwe nje ndani kwanza. Yangu ilikuwa imekakamaa kwenye kwapa na ilinichuna.

Kilichonikera hasa ni siku ya kurudisha. Ubao wao unasema vifaa virudishwe kabla ya saa kumi na moja jioni, ukichelewa unalipa siku nyingine. Siku hiyo tulirudi karibu saa kumi na moja kasoro robo kwa sababu mkondo ulikuwa mkali na nahodha, kwa busara yake, alizunguka. Foleni ya beseni peke yake ikala dakika zilizobaki. Msimamizi akatazama saa ya ukutani akaanza kuandika siku ya ziada. Boti ni yao, nahodha ni wao, beseni ni lao, saa ikawa yangu mimi! Nilipomwambia hivyo mbele ya wenzangu alilifuta, nashukuru, ila bila samahani.

Hajamaliza, akaja na miwani: kibano cha mkanda kina ufa, amana ikatwe. Mimi huwa nikikabidhiwa vifaa napiga picha kila kimoja kabla sijakipeleka mahali, hasa mikanda ya miwani na mapezi, vibano, na kona za mpira wa mdomoni ambako meno ya watu hung'ata. Nikamfungulia simu. Ufa ule ule, saa mbili asubuhi ya siku ya kwanza. Amana ikarudi kamili. Mwenzangu kutoka Arusha hakuwa na picha, akakatwa pesa ya pezi lililochanika na hana namna ya kujua alilikuta hivyo au la. Kituo kinachomwachia mteja kazi ya kusuuza kinatakiwa kimwandikie na hali ya vifaa siku anayovichukua, karatasi moja, sahihi mbili.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano. Baharini nawapa tano bila kufikiri. Walikuwa wakali kuhusu kurudi na baa 50 mtungini, na ndivyo inavyotakiwa. Nchi kavu ni moja, na hiyo moja ni ya fundi.

Nitakodi kwao tena, ila miwani na snokeli nitabeba zangu, na ukiweza nenda na kipande chako cha mpira wa mdomoni. Bei yake si kubwa, kinaenea kwenye regileta nyingi, na kinashikiliwa na kitepe kidogo cha plastiki tu. Mimi nilikuwa nacho kwenye begi, fundi akakata kitepe cha zamani kwa koleo, akanifungia changu, akakataa hata pesa ya soda. Aliniomba kitu kimoja: siku ya kurudisha nimwite yeye aje akifungue, maana vijana watakitupia kwenye kreti na nitakikuta mdomoni mwa Mtaliano.