Dataproducts au Centronics: printa ipi ya zamani inakufaa?

Wanaofufua kompyuta za miaka ya 1970 hawaachi kuulizana: printa ya mistari ya Dataproducts, inayochapa mstari mzima kwa mpigo, au ya nukta ya Centronics, inayounda kila herufi kwa nukta ndogo?

Dataproducts ilianzishwa California mwaka 1962, Erwin Tomash akiwa miongoni mwa waasisi. Iliuzia kampuni za kompyuta printa na diski, ndiyo maana nyingi utazikuta na nembo ya DEC, kampuni ya kompyuta ya Marekani.

Kwa kasi, hakuna ubishi. Kwenye printa za ngoma za Dataproducts, herufi zimechongwa juu ya silinda inayozunguka mfululizo, na kila safu ina nyundo yake inayogonga herufi inapopita. Mistari 300 kwa dakika ni jambo la kawaida. Centronics 101 ya mwaka 1970 huchapa herufi 165 kwa sekunde, kwa hiyo mstari mmoja wa herufi 132 hula karibu sekunde nzima.

Matunzo ndiyo yanayonivuta upande wa Centronics. Kwenye Dataproducts, nyundo ikichelewa kidogo tu, herufi hupanda au hushuka na mstari unayumba. Kurekebisha safu zote kunataka fundi mwenye subira. Centronics ina kichwa kimoja cha pini 7 zinazogonga nukta. Pini ikikwama, ufa mweupe unapita katikati ya maandishi na unajua pa kuanzia. Kuiunganisha pia ni rahisi, maana soketi yake ya pini 36 ilienea kila mahali.

Mwenye ukumbi wa makumbusho na fundi wa kudumu achukue Dataproducts, wageni waone karatasi ikitiririka. Mwenye chumba kimoja na majirani wa karibu wasiopenda kelele, Centronics inamtosha.