Famasi ya Mwanga sokoni: wanauliza kwanza ndo wanauza

Wana Kigoma mnaosumbuliwa na kichwa, kuna famasi moja iko Mwanga upande wa sokoni, jina sitaji msije mkasema nimelipwa, we uliza tu ile yenye foleni. Sehemu nyingi hapa mjini ukisema nipe dawa ya kichwa unakatiwa vidonge, unalipa, unasepa, hakuna aliyekuuliza kitu. Hawa sasa wana maswali kama polisi.

Yule dada wa dirishani hakupi kitu mpaka ajue kinauma wapi na kinaumaje. Nilimpeleka mama mdogo katokea Ujiji, kichwa kinagonga upande mmoja, anatapika, mwanga hataki kuuona. Dada akamwamkia vizuri, akamuuliza taratibu, mama huwa kinakaa muda gani, unaona vimulimuli kabla hakijaanza? Akasema hiki kinaonekana ni kipandauso, kinaweza kukushika kuanzia masaa manne mpaka siku tatu, na dawa yake unameza mapema kikianza tu, sio mpaka umeshazidiwa ndo unaanza kutafuta maji ya kumezea. Alishashika boksi la ibuprofeni, akauliza kwanza mama una vidonda vya tumbo? Anavyo! Boksi likarudi kabatini, ikatoka panadol ya kawaida, na pembeni ya pakiti akaandika kwa peni: mbili mbili, zisizidi 8 kwa masaa 24. Akamwambia akalale chumba chenye giza. Mwingine angeuza tu hela iingie.

Nyuma yetu kulikuwa na kaka wa bodaboda anataka zile za mchanganyiko, yani kidonge kimoja chenye dawa zaidi ya moja ndani, "kama kawaida", kumbe anameza karibu kila siku. Wakamnyima aisee, hapo ndo niliwakubali. Akaelezwa kichwa chake cha kubana pande zote kama kafungwa kamba, na shingo na mabega kukaza, mara nyingi ni mawazo, uchovu, kukosa usingizi, ila ukimeza panadol siku 15 au zaidi kwa mwezi na miezi inafuatana, dawa yenyewe inaanza kukuletea kichwa, na hizo za mchanganyiko zenye kafeini hata siku 10 zinatosha kukuharibia. Kaka akabisha weee, "yani dawa ya kichwa iniumize kichwa?", foleni nzima kicheko. Wakampima presha hapohapo bila hela, wakamwambia avipumzishe vidonge, siku za mwanzo kinaweza kuzidi halafu kitulie, kisipotulia akamuone daktari.

Ukija na homa hawakuuzii dawa mseto kwa kukisia, wanakwambia kapime malaria kwanza, na huku kwetu kila kichwa tunakiita malaria kwahiyo watu wananuna kweli. Na kuna mambo hawauzi kabisa: kichwa kilicholipuka ghafla kuliko vyote ulivyowahi kuumwa, homa na shingo imekaza, mdomo umepinda, mkono hauna nguvu, au umeanguka ukajigonga. Hapo ni chukua bajaji nenda hospitali ya Maweni, basi. Kwenye kioo wamebandika michoro ya vichwa, kuna kile cha nyuma ya jicho moja, jicho linatoa machozi na pua upande huohuo, hicho nacho wanasema ni cha daktari sio cha dirishani.

Ubaya upo. Siri hakuna, maana unahojiwa dirishani na foleni nzima inasikiliza, mtu una shida yako nyingine ya aibu utaondoka nayo. Benchi ni moja na mgonjwa anasimama na kichwa chake juani. Mchana anabaki mhudumu mmoja na maswali ni yaleyale, kwahiyo kama una haraka usiende mchana, na bei imezidi kidogo kuliko maduka ya Gungu. Nawapa nne kwa tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya chenji, ukitoa elfu kumi wanakutuma wewe ukaitafute kwa mama wa dagaa.