Uzoefu wangu: tovuti tatu za duka moja la asali

Nauza asali ya Tabora hapa Dar es Salaam, ya nyuki wakubwa kwa lita na ya nyuki wadogo kwa chupa ndogo, maana hiyo ni adimu na bei yake iko juu. Tovuti ya kwanza nilitengenezewa mwaka 2021. Leo niko kwenye ya tatu. Naandika kwa mwenye duka dogo anayetaka kulipia tovuti mwezi huu, kwa sababu hela yangu ilipotelea mahali ambapo sikuwahi hata kupaangalia.

Mahali penyewe ni jina la domeni, yaani anwani ya tovuti. Kijana aliyenitengenezea alikuwa fundi mzuri na ukurasa ulipendeza. Aliniambia, "Dada, wewe usihangaike, kila kitu ninacho mimi." Nikashukuru. Mwaka ulipoisha simu yake haipatikani, na domeni imekwisha muda. Nilipompigia msajili, kampuni inayosajili majina hayo, nikaambiwa kwenye kumbukumbu zao mwenye domeni si mimi: jina ni la fundi, barua pepe ni ya fundi, na bila yeye hawawezi kunikabidhi. Wakati huo nilikuwa nimeshachapisha lebo 600 zenye anwani ile. Jioni tatu nilikaa na binti yangu tukibandika vikaratasi juu ya kila lebo.

Kwa hiyo domeni sajili mwenyewe, hata kama kazi nyingine zote unampa fundi. Ya .co.tz inapatikana kwa wasajili walioidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania; unajaza fomu mtandaoni na kulipa kwa simu. Mimi nililipa shilingi 25,000 kwa mwaka. Barua pepe unayojaza isiwe ya domeni hiyohiyo, kwani ikizimika, hata ujumbe wa kukukumbusha kulipa hautakufikia. Halafu itafute kwenye WHOIS, orodha ya mtandaoni ya wenye domeni, uone limeandikwa jina la nani.

Tovuti ya pili niliijenga mwenyewe kwenye huduma ya nje, zile ambazo unachagua muundo, unaburuta picha, unaandika bei, na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ni yao. Siku mbili tu duka lilikuwa hewani, na kwa mtu anayetaka ukurasa wa simu, ramani na picha tano, sitamkataza. Kwangu iligoma kwenye malipo. Walipokea kadi tu, wakati wateja wangu karibu wote wanalipa kwa lipa namba. Mimi pia nililazimika kuwalipa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiyumba, bili yangu inapanda bila mimi kuongeza chochote. Nilipotaka kuhama ndipo nikaelewa: orodha ya bidhaa niliweza kuipakua, lakini kurasa zenyewe hazihamishiki. Maelezo niliyoyaandika mwaka mzima kuhusu asali, jinsi inavyoganda na kwa nini kuganda si dalili ya kuchanganywa sukari, niliyanakili kwa mkono ukurasa kwa ukurasa.

Kilichonisukuma kuhama ni Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikadorora Afrika Mashariki yote. Tovuti yangu iko ng'ambo, mteja wangu yuko Sinza, mimi niko Tabata, na hatuonani. Nikaamua seva iwe hapa Dar. Najua wateja wangu wachache wa Muscat sasa ndio watakaohangaika mkongo ukikatika tena, lakini wanaonunua kila wiki wako hapahapa.

Programu niliyochagua ni WordPress, ya kujengea tovuti, pamoja na WooCommerce, inayoiongezea duka. WordPress ipo tangu 2003, ni ya bure, na ukiiweka kwenye seva unayolipia wewe, mafaili yote ni yako. Usiichanganye na WordPress.com, ambayo ni huduma yenye mipango ya bure na ya kulipia, nayo seva ni yao. Hostingi nyingi, yaani kampuni za kukodisha seva, zina cPanel, ukurasa wa kuendeshea tovuti, wenye kitufe cha kuisimika, kwa hiyo hilo halikunisumbua. Kazi ilikuwa kulifanya duka lielewe namna sisi tunavyonunua.

Sarafu niliweka TZS na kuondoa nukta za senti. Fomu ya mteja ilikuwa inauliza msimbo wa posta, jambo ambalo watu wengi hawalijui kwa kichwa. Nikauondoa, nikaweka mtaa na alama ya karibu: kanisa, msikiti, sheli. Kuhusu malipo, WooCommerce inakuja na njia ya kuhamisha fedha benki, na maneno yake unaweza kuyabadilisha. Nikaandika "Lipa Namba", namba yenyewe, jina litakalotokea kwenye simu, na ombi la kutuma ujumbe wa muamala WhatsApp. Nathibitisha kwa mkono. Zipo plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, za kuunganisha malipo ya simu moja kwa moja, ila zinahitaji mkataba na kampuni ya malipo na makato kwa kila muamala. Kwa oda nane au kumi kwa siku, mkono unanitosha.

Kwenye hostingi, usidanganywe na bei ya tangazo. Kampuni moja ya nje ilinipa dola 3 kwa mwezi, lakini lazima nilipe miezi 36 kwa mkupuo, na baada ya hapo bei inazidi mara tatu. Uliza bei ya kulipia upya kabla ya yote. Nyingine ya hapa ilitaka shilingi 60,000 kwa mwaka kwa cheti cha usalama, kile cha alama ya kufuli, wakati Let's Encrypt wanakitoa bure na hostingi nyingi zinakiwasha zenyewe. Kabla ya kulipa popote nilituma swali dogo kwa kampuni tatu, Jumamosi saa mbili usiku. Moja ilijibu baada ya dakika arobaini, mbili zikajibu Jumatatu. Nikaenda kwa ile ya kwanza, shilingi 120,000 kwa mwaka, na sijajuta.

Tovuti ilikuwa nzito mwanzoni, nikadhani ni seva. Kumbe ni picha zangu: kila moja ilitoka kwenye simu ikiwa na MB 4. Sasa nazipunguza mpaka chini ya KB 150 kabla ya kuzipandisha, na najaribu kufungua duka kwa simu ya dada wa jikoni, si kwa yangu. Anayenunua asali anatumia bando lake, hawezi kusubiri.

Jambo la mwisho ambalo sitaacha ni nakala rudufu. Nimeweka plagini ya UpdraftPlus, kila Jumapili usiku inatuma nakala kwenye Google Drive yangu. Mwezi Novemba plagini moja ndogo ya usafirishaji ilisasishwa na duka likawa jeupe pee, wiki ambayo oda za sikukuu zinaanza. Nilirudisha nakala ya Jumapili, nikaizima ile plagini, saa moja baadaye tunauza. Usitegemee nakala za kampuni ya hostingi peke yake. Siku mkikosana au wakifunga, nazo zinakwenda nao.

Nisichoridhika nacho mpaka leo ni barua pepe. Risiti za oda zinaangukia kwenye taka za wateja wenye Gmail, ingawa zimepungua tangu mhudumu wa hostingi anisaidie kuweka rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua pepe imetoka kwangu kweli, kwenye domeni. Kwa sasa kila oda naifuatisha na ujumbe wa WhatsApp.