The Tale: filamu iliyonifanya nimtazame mtoto kwa umri wake halisi

Nimewahi kutazama filamu kadhaa kuhusu watoto waliodhulumiwa, lakini hakuna iliyoniingia moyoni kama The Tale, iliyoandikwa na kuongozwa na Jennifer Fox na kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Sundance nchini Marekani mwaka 2018. Fox ni mtengenezaji wa filamu za hali halisi, na safari hii amegeuza kamera kuelekea maisha yake mwenyewe. Alipokuwa na umri wa miaka 13, watu wazima wawili aliowaamini, mwalimu wake wa kupanda farasi na kocha wa mbio, walimzoesha taratibu hadi kocha huyo akamnyanyasa kingono, na kwa miaka mingi baadaye Fox aliyahesabu yaliyotokea kuwa mapenzi ya kawaida ya ujana. Simulizi inaanza pale mama yake, anayeigizwa na Ellen Burstyn, anapoikuta hadithi ambayo binti yake aliiandika kwa ajili ya shule akiwa na umri huo, akaisoma na kuingiwa na hofu.

Tukio ambalo sitalisahau halina kilio wala ukatili wowote. Jennifer, anayeigizwa na Laura Dern, amekaa na mama yake wakiangalia picha za zamani. Kufikia hapo sisi watazamaji tumekwisha kumwona katika kumbukumbu zake akiwa msichana aliyeanza kupevuka, ambaye tunaweza kudhani anaelewa kidogo mambo ya watu wazima. Anaonesha picha ya msichana huyo akiamini kwamba ndivyo alivyokuwa wakati ule, naye mama anamsahihisha kwamba hapo alikuwa na miaka 15, kisha anamwonesha picha ya miaka 13. Ni mtoto mdogo kabisa, mwembamba, mwenye uso wa kitoto. Baada ya hapo kumbukumbu ile ile inarudiwa tangu mwanzo, sasa ikiwa na mwigizaji mwingine, Isabelle Nélisse, na kila tulichokiona kwa utulivu kidogo kinageuka kuwa kitu kisichovumilika. Nililazimika kusimamisha filamu hapo. Nilitambua kwamba hata mimi, bila kujua, nilikuwa nimemhesabia mtoto yule ukubwa ambao hakuwa nao, na kwamba akili ya Jennifer ilikuwa imemwongezea miaka ili aweze kuendelea kuishi na yaliyompata.

Jambo la pili lililonigusa ni namna Jennifer mtu mzima anavyomhoji Jenny mtoto, kama vile mtengenezaji wa filamu anavyomhoji shahidi. Mtoto hajibu kama tunavyotamani ajibu. Anabisha, anajivuna, anakataa kata kata kuitwa mhanga, na anajiona kuwa yeye ndiye shujaa wa hadithi yake. Wengi wetu tungependa mtoto aliyedhulumiwa alie na kuomba msaada, na tunapomkuta akiwatetea waliomuumiza tunaanza kumtilia shaka. Fox anauacha ukaidi huo ubaki, na ninaamini hapo ndipo ujasiri mkubwa wa filamu hii ulipo, kwa sababu fahari ile ndiyo kitu pekee ambacho mtoto alibaki nacho mkononi.

Elizabeth Debicki, kama mwalimu wa farasi, na Jason Ritter, kama kocha, wanaigiza kwa upole unaotisha. Wanamsikiliza msichana anayejihisi haonekani nyumbani, wanamsifu, wanamwambia siri zao na kumfanya ajione mteule. Kila hatua ni ndogo, na ukiitazama peke yake inafanana kabisa na wema.

Filamu ina udhaifu wake. Mchumba wa Jennifer, anayeigizwa na Common, hakupewa uzito wa kutosha, na baadhi ya mazungumzo ya watu wazima yanaeleza kwa maneno mengi mambo ambayo picha zilikwisha kuyasema.

Ni lazima pia niseme wazi kwamba matukio ya unyanyasaji hayakufichwa. Maelezo yanayotolewa mwishoni yanafafanua kwamba mwigizaji mbadala mtu mzima alitumiwa katika matukio hayo. Mimi ningependa maelezo hayo yawekwe mwanzoni, kwa kuwa nilitazama sehemu kubwa nikiwa na wasiwasi juu ya mtoto aliyekuwa akiigiza. Kwa aliyepitia mambo ya aina hii, ningeshauri asiitazame akiwa peke yake, wala asione aibu kuizima katikati. Kwa wazazi, walimu na makocha, naipendekeza bila kusita, hasa sehemu ya kwanza kabla ya jambo lolote baya kuonekana, ambapo wazazi wanaruhusu ziara za mwishoni mwa wiki, mtoto anarudi nyumbani akiwa na furaha, na hakuna anayemuuliza alikuwa akifanya nini huko.