Intaneti ya biashara Dar: ipi uinunue kwanza, ipi iwe ya akiba

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota karibu Tanzania nzima. Mwenye faiba mbili za kampuni mbili naye aliweza kukwama, maana kampuni zote mbili zikinunua njia kwenye nyaya zilezile, unalipa ankara mbili kwa hatari moja.

Kwa hiyo hapa sipangi kwa kasi. Napanga kwa swali hili: laini ikifa saa nne asubuhi, kazi gani inasimama, na nini kinashika nafasi yake? Nawalenga wenye duka, kliniki au ofisi ya watu watano hadi ishirini.

Kwanza, unatumia nini?

Duka la rejareja linalouza kwa taslimu na Lipa Namba halihitaji faiba. Mteja analipa kwa simu yake, uthibitisho unakujia kwa SMS, na bando la kawaida linatosha kwa WhatsApp na risiti. Hiyo hela ongezea mzigo dukani.

Hesabu inabadilika pale data inapoanza kutoka kwako kwenda nje. Kamera nne zinazotuma picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kila moja ikila Mbps 2 (Mbps ni kipimo cha kasi ya intaneti), zinamaliza Mbps 8 za kupandisha, yaani kutuma kutoka kwako, mchana na usiku. Ongeza watu wawili kwenye mkutano wa video kwa Mbps 3 kila mmoja, umefika 14. Sasa kifurushi kinachotangazwa kuwa cha Mbps 50 kinaweza kuwa na 10 tu za kupandisha. Ndiyo maana bosi anaganda kwenye kioo huku YouTube inacheza vizuri tu. Muuzaji akikutajia kasi, muulize zote mbili, ya kushusha na ya kupandisha, na aziandike kwenye mkataba.

Namba 1: faiba, pamoja na laini ya 4G au 5G ya mtandao mwingine

Kwa ofisi ambayo kazi yake inalala mtandao ukikatika, hapa sina mjadala. Faiba inabeba kazi ya kila siku, laini ya simu inakaa pembeni ikisubiri.

Mtandao mwingine maana yake mwingine kweli. Faiba ikiwa ya TTCL, laini ya akiba isiwe ya TTCL. Kisha wapigie wote wawili uwaulize: nyaya zenu za kutoka nchini ni zipi, na moja ikikatika mnapita wapi? Kuna EASSy na SEACOM, kuna 2Africa iliyofikishwa ufukweni Dar mwaka 2023, na kuna njia za nchi kavu za kuvuka mipaka. Anayejibu kwa kutaja njia anajua anachouza. Anayesema "sisi hatukatiki kaka" mshukuru, endelea kutafuta.

Kinachounganisha laini hizi ni ruta yenye matundu mawili ya WAN, yaani ya kuingizia intaneti kutoka nje. Kariakoo utapata za MikroTik na TP-Link. Mwambie fundi aipange ihame yenyewe faiba inapokufa, asiigawe kazi kwenye laini zote mbili kwa wakati mmoja. Mgawanyo unaonekana wa kijanja, lakini mifumo ya benki ikiona anwani yako ya intaneti inabadilika katikati ya muamala inaweza kukutoa nje, na mhasibu ataanza kulaumu benki.

Halafu bando. Laini ya akiba isiyo na bando ni pambo la ukutani. Mpe mtu mmoja jukumu la kuliangalia kila mwanzo wa mwezi.

Namba 2: faiba peke yake

Inatosha kama unaweza kuvumilia nusu siku bila mtandao mara mojamoja. Kabla ya kusaini, toka nje na fundi akuonyeshe waya utapita wapi, juu ya nguzo au chini ya ardhi. Kama barabara yenu inapanuliwa au mwendokasi unajengwa jirani, tegemea katapila litaukata siku moja. Muulize pia nani anakuja kuunga, na kama Jumamosi anafanya kazi.

Uangalie na mkataba. Ahadi ya kupatikana asilimia 99 inasikika tamu, ila kwa mwaka inawaruhusu kukaa nje zaidi ya siku tatu na nusu. Asilimia 99.9 ni kama saa 8 na dakika 45. Na bila kipengele cha kurudishiwa pesa, namba zote mbili ni maneno ya tangazo. Vifurushi vya nyumbani mara nyingi havina kipengele hicho kabisa, ndiyo maana vya biashara ni ghali zaidi.

Namba 3: redio ya juu ya paa

Kisahani kinatazamana na mnara wa mtoa huduma. Kinafaa pale faiba haijafika, kwa mfano kwenye maghala ya pembezoni mwa mji. Adui yake ni ghorofa jipya linalosimama katikati. Mimi ningeipenda zaidi kama akiba ya faiba: katapila halifiki paani.

Namba 4: ruta ya 4G au 5G peke yake

Rahisi kuanza nayo, na ukihama unabeba. Lakini unagawana mnara na mtaa mzima. Omba kuijaribu mahali itakapokaa, pale mezani kwa karani, na upime mara mbili: saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Isogeze dirishani upande wa mnara upime tena, maana bati na nondo hula mawimbi. Soma pia maandishi madogo kuhusu "isiyo na kikomo". Vifurushi vingi hupunguza kasi ukishavuka kiwango fulani cha GB.

Namba 5: setilaiti

Kwa kambi ya porini au shamba lisilo na mnara, hii ndiyo namba 1. Mjini iache. Kenya, huduma ya setilaiti ya Starlink ilianza 2023, na kufikia Novemba 2024 ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa msongamano. Hata angani kuna foleni. Na usinunue kifaa cha kupenyezwa mpakani kabla ya kuuliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama kinaruhusiwa.

Umeme, na jaribio la mwisho

Malalamiko mengi ya "mtandao umekata" ni umeme umekata. Kisanduku cha faiba na ruta kwa kawaida hutumia volti 12 na umeme kidogo sana, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya ruta inaviwasha kwa saa kadhaa. Usitegemee simu tu wakati huo: umeme ukizima mtaa mzima, kila mtu anahamia kwenye data, na mnara unalemewa.

Fundi akimaliza, usimlipe salio bado. Chagua saa ya kazi, mtu mmoja akiwa kwenye simu ya video na mwingine anatoa risiti, kisha chomoa waya wa faiba mwenyewe. Hesabu sekunde hadi ukurasa ufunguke kwa laini ya akiba. Ikizidi dakika moja, au ikibidi mtu aguse ruta, kazi haijaisha. Urudishe waya, uone kama inarudi kwenye faiba yenyewe. Ruta nyingi hunasa hapo, ofisi inaendelea kula bando la akiba siku mbili bila mtu kujua.